Picha Safi

"Hakuna uvimbe," daktari alisema, akigeuza kioo cha kompyuta ili Mwalimu aone vizuri. "Hakuna damu iliyovuja, hakuna kiharusi, wala ubongo haujasinyaa. Kwa umbo, ubongo wa mzee ni mzima."

Mwalimu alishusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu getini. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya kijivu ya kichwa alicholala nacho chumba kimoja miaka yote ya ndoa yake. Kichwa chenyewe, pamoja na mwenye nacho, kilikuwa kimeingia chini ya meza. Fundi, mumewe mtengeneza makochi, alikuwa amepiga magoti akibonyezabonyeza kiti alichokalia daktari.

"Sponji limekufa hili," sauti yake ilitokea huko chini. "Daktari, unakalia ubao bure. Hebu inuka."

"Baba Chiriku, rudi kitini."

"Inuka nikuonyeshe." Akamshika daktari paja kumsogeza, huku akicheka peke yake.

Mwalimu alimpiga kikofi cha mkono, kile kidogo cha haraka wanachokijua watoto wa darasa la pili. Fundi akarudi kukaa, bila kununa, bila kuona haya, akaanza kung'oa nyuzi za kiti chake mwenyewe. Huyu ndiye mtu ambaye zamani alikuwa akiingia nyumba ya mteja kupima kochi hata kikohozi anakimeza. Watu walikuwa wakimtania Mwalimu kwamba ameolewa na ukuta.

"Amekuwa hivi tangu lini?" daktari aliuliza.

"Mwaka wa pili huu. Alianza na utani usio na mpaka. Kisha akawa anachukua vitu dukani, mwenye duka anamtazama. Kwenye msiba wa jirani akacheka. Na mwezi uliopita..." Ya mwezi uliopita hayakuwa ya kusimuliwa mbele ya mtu aliyevaa koti jeupe.

Daktari hakumlazimisha. "Basi ndiyo maana picha hii hainitoshi," alisema. "Inaonyesha umbo tu. Seli za ubongo hupeana habari kwenye viungio vidogo mno, sinapsi tunaviita. Yapo magonjwa yanayoanza kwa kuvila viungio hivyo, mtu akabadilika tabia kabisa, na huku ubongo kwenye picha ya kawaida unaonekana hauna neno. Idara yetu ya utafiti ina mashine inayoweza kuviona. Hamlipi chochote. Mleteni wiki ijayo."

"Ugonjwa gani huo, daktari?"

"Siwezi kuutaja kabla sijapima."

"Unarithiwa?" Swali lilimtoka kabla hajalitafuna.

"Mara nyingi hapana. Mara nyingine ndiyo."

Mwalimu alifunga mkoba wake. "Tutarudi," alisema.

Nje, Shemeji alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini akizungusha funguo za gari kidoleni. Alikuwa dereva wa lori, mdogo wake Fundi, mtu wa sauti kubwa na moyo mwepesi kuwaka. Alisimama mara moja.

"Wamesemaje, shemeji?"

"Picha safi," Mwalimu alijibu.

"Safi kabisa?"

"Ubongo mzima. Hauna uvimbe, hauna kiharusi."

Shemeji alimgeukia kaka yake, aliyekuwa ameshaketi kati ya wagonjwa wawili na kumuuliza mmoja wao kwa nini ananuka. "Kumbe ni makusudi," alisema polepole. "Kaka, kumbe ni makusudi!"

Yote aliyoyasema Mwalimu yalikuwa kweli. Alikuwa tu amesimama katikati ya sentensi.

*

Kilichotokea mwezi uliopita ni hiki. Binti yao, waliyempa jina la Chiriku kwa kuwa alianza kusema kabla ya kutembea na hakunyamaza tena, alikuwa amechumbiwa na kijana mpima ardhi. Kijana akaja na mama yake kujitambulisha. Mama huyo alikuwa na tanuri la mikate, na mtaa mzima ulimwita Mama Mikate. Alikaa kwenye kochi, akapokea soda, akafungua mdomo aseme lililomleta. Fundi akamkatiza.

"Wewe mama mnene, kochi hilo nililitengenezea watu. Utalivunja."

Kisha akachukua soda mkononi mwa mgeni, akainywa yote, akamrudishia chupa tupu. Mama Mikate aliaga kabla ya chakula, kijana akamfuata nyuma akitazama viatu vyake.

Ndio uliokuwa mzigo wa Mwalimu. Alikuwa naibu mkuu wa shule ya msingi, na katika kazi yake alijifunza jambo moja: tabia mbaya ina dawa. Mtoto hutukana, huitwa, huomba radhi, na kengele ikilia maisha huendelea. Lakini ugonjwa wa kichwa hauombewi radhi. Tabia mbaya ni ya mtu mmoja. Ugonjwa watu huuandika kwa ukoo mzima. Nani angeoa binti ambaye ubongo wa baba yake unaliwa kwa ndani? Usiku na mchana alilipima jambo hilo, na kila alipolipima, upande wa Chiriku ulikuwa mzito zaidi. Wiki waliyopangiwa na daktari hawakurudi hospitali. Badala yake aliitisha kikao.

Walikutana sebuleni Jumapili mchana: Shemeji, Chiriku, mchumba wake, na Mama Mikate, ambaye safari hii alichagua kiti cha mbao. Fundi alikaa katikati, amevaa shati lililopigwa pasi, akitabasamu kama mtu aliyefanyiwa sherehe.

"Kaka," Shemeji alianza, "unajua tumekuja kwa nini?"

"Kula."

"Tumekuja kwa sababu umemtukana mgeni. Mama wa watu, mzazi mwenzako, umemwita mnene!"

Fundi alimtazama Mama Mikate kwa makini, kama anavyopima kitambaa. "Lakini si mnene kweli?"

Chiriku alifunika uso. Shemeji akaruka. "Acha ujinga! Tumekupeleka hospitali, umepigwa picha, na picha imesema huna kitu kichwani!"

Mchumba alijikohoza kuficha kicheko. Fundi yeye hakujificha, alicheka mpaka machozi, akirudia, "Sina kitu kichwani! Sina kitu kichwani!" Shemeji alipogundua alivyosema, hasira zikampanda mara mbili. Akamshika kaka yake kola, kaka aliyemlea na kumlipia masomo, akamtikisa hadi kifungo cha shati kikaruka.

"Shemeji, mwache," Mwalimu alisema. Akasimama. Sauti iliyomtoka ilikuwa ile ya paredi ya asubuhi. "Baba Chiriku. Piga magoti."

Fundi aliacha kucheka. Alitazama nyuso moja moja, akaona zote zimekasirika, na kitu kama woga kikapita machoni pake. Akapiga magoti.

"Sema: Mama, nimekukosea."

"Mama, nimekukosea."

"Nilikosa adabu."

"Nilikosa adabu."

"Naomba unisamehe."

"Naomba unisamehe. Nisimame?"

Mama Mikate aligeuza uso pembeni. "Basi, Mwalimu, inatosha. Mimi nimesamehe. Yameisha."

Tarehe ya harusi ikapangwa siku hiyohiyo. Walipoondoka, Chiriku alimsaidia baba yake kuinuka, akatafuta kifungo chini ya kiti. "Mama," alisema, "una uhakika hospitali hawakusema kingine?"

"Walisema picha safi," Mwalimu alijibu, akikusanya glasi.

*

Toka hapo Mwalimu alimwekea mumewe sheria. Asitoke peke yake. Asiongee na wateja. Alipokwenda shule, alifunga geti kwa kufuli kwa nje, na Fundi akabaki kwenye banda lake la kazi nyuma ya nyumba na kochi moja la mwisho, la mteja ambaye alikuwa bado hajasikia maneno ya mtaani. Majirani waliona kufuli. Walipomsalimia Mwalimu walimuuliza hali ya "mzee" kwa ile sauti ya chini, naye alijibu, "Ukorofi wa uzeeni tu," akaongeza mwendo.

Siku moja, akiwa anasimamia mtihani, alipigiwa simu. Chiriku, aliyekuwa karani wa ofisi ya maji, alikuwa amepita nyumbani mchana kuchukua kitambulisho alichosahau. Alimkuta baba yake amejikata kiganja kwa kisu cha kitambaa, mfupa unaonekana, na bado anapiga pini za kukazia kitambaa. Kochi la watu, kitambaa cha rangi ya maziwa, lilikuwa limelowa damu. "Nimalizie huu mkono," alisema alipovutwa. Alimaanisha mkono wa kochi.

Mwalimu alipofika hospitali, aliwakuta kwenye chumba cha kufungia vidonda. Muuguzi alikuwa akizungusha bandeji. Karibu na mlango alisimama daktari yule yule, na kando yake Chiriku, kimya. Ukimya huo ndio uliomwambia Mwalimu kwamba mambo yameharibika.

"Mama," Chiriku alisema, "daktari ananiuliza kwa nini hatukurudi."

"Nilikuwa na mitihani, mwanangu. Unajua kipindi hiki..."

"Anasema alikwambia ile picha haioni kila kitu. Anasema alikwambia kuna nyingine, tena ya bure. Ni kweli?"

"Alisema labda."

"Ni kweli, Mama?"

Muuguzi aliendelea kuzungusha bandeji, lakini mikono yake ilipunguza mwendo. Miaka mingapi Mwalimu amesimamisha watoto mbele ya wenzao na kuwauliza swali kama hilo, akijua jibu, akisubiri tu walitamke?

"Ni kweli," alisema.

"Na ukamwambia Baba mdogo picha safi. Ukaniambia mimi picha safi."

"Picha ilikuwa safi! Sikusema uongo. Chiriku, nilifanya kwa ajili yako. Wangejua ni ugonjwa, tena pengine wa kurithi, yule kijana angebaki? Mama yake angekubali?"

"Usinitwike mimi." Sauti ya Chiriku haikupanda hata kidogo. "Baba alipigishwa magoti kwa ajili yangu? Baba mdogo alimshika kola kwa ajili yangu? Mimi nilikutuma?"

"Mwanangu, taratibu, watu wanasikia."

"Ndiyo hilo tu unalolijali."

Fundi aliinua mkono wake uliofungwa, akauonyesha kwa furaha. "Tazameni. Kama mto wa kochi."

Hakuna aliyecheka. Daktari alitazama sakafu, akasema kwa upole kwamba kama familia iko tayari, mashine ina nafasi Alhamisi.

*

Siku ya Alhamisi walimchoma Fundi sindano ya dawa yenye mionzi kidogo, dawa ambayo, walivyoelezwa, husafiri na damu mpaka kichwani na kunata penye viungio vya seli. Penye viungio vingi hung'aa. Pasipo na viungio haina pa kushika. Wakamlaza kwenye kitanda chembamba kinachoingia ndani ya mashine yenye tundu kama pete kubwa. Alilalamikia godoro, akalala usingizi, akakoroma.

Majibu waliyafuata watatu: Mwalimu, Chiriku na Shemeji, ambaye alikuwa ameambiwa tu kwamba kuna kipimo kingine. Fundi aliachwa na muuguzi.

Daktari aliweka picha mbili sambamba. "Hii ni ya mtu mzima asiye na ugonjwa, wa umri wa mzee. Hii ni yake."

Ya kwanza ilikuwa na rangi ya chungwa na njano kuanzia mbele hadi nyuma. Ya pili, kwa nyuma, ilifanana na mwenzake. Lakini mbele, nyuma ya paji la uso, na pande mbili karibu na masikio, ilikuwa buluu, mahali pengine karibu nyeusi. Haikuhitaji kuelezwa. Hata mtoto wa darasa la kwanza angeonyesha kwa kidole.

"Palipofifia ndipo viungio vilipopungua," daktari alisema. "Seli bado zipo, ndiyo maana ile picha ya kwanza haikuona kitu. Lakini hazisemezani. Kipimo hiki ni cha utafiti, peke yake sikitegemei. Ila pamoja na ile mitihani ya maswali niliyompa, na mliyonisimulia, sina shaka tena. Ni ugonjwa unaokula sehemu ya mbele. Dawa ya kurudisha kilichopotea hatuna. Tunaweza kuwasaidia namna ya kuishi naye."

"Na huko mbele," Shemeji aliuliza, "kuna kazi gani?"

"Ndiko mtu anakojizuia. Anakopima neno kabla hajalitoa. Kwa lugha ya nyumbani, ndiko anakoonea haya."

Shemeji alikuwa mtu mzito wa mwili, na kiti kilimlilia alipoegemea. "Kwa hiyo siku ile hakuwa anafanya makusudi."

"Siku ipi?"

Mwalimu aliuliza lingine, akiwa ametazama picha, si watu. "Daktari, mtu wa namna hii akikaripiwa, anaelewa?"

"Anajua kwamba watu wamekasirika. Kwamba yeye ndiye sababu, na kwa nini, hapo ndipo anapopotea."

Chiriku aliuliza juu ya kurithi. Daktari alimwambia kuna kipimo cha damu, na kwamba si lazima akifanye leo, wala kamwe kama hataki. Chiriku akaitikia kwa kichwa, akaandika namba ya simu ya maabara kiganjani mwake kama mtoto wa shule.

Ukumbini, Mwalimu alimshika Shemeji mkono. Aliona heri alisikie kwake kuliko kwa Chiriku. "Shemeji, mimi nilijua tangu siku ya kwanza kwamba ile picha haitoshi. Daktari aliniambia. Nikakuficha."

Mwalimu alingoja kufokewa. Alikuwa amejiandaa kwa sauti kubwa ya Shemeji, na angeipokea kama haki. Lakini mtu huyo alisema karibu kwa kunong'ona, "Nilimshika kola kaka yangu, shemeji. Nawe ulikuwepo pale." Akautoa mkono wake taratibu, akaenda kumchukua Fundi, akamfunga kamba za viatu, akampeleka kwenye gari.

*

Chiriku alikwenda mwenyewe kumweleza mchumba wake, bila kumuuliza mama yake. Kijana aliomba muda wa kufikiri. Harusi ikaahirishwa, na tarehe mpya hakuna aliyeitaja.

Siku mbili baadaye Mama Mikate alibisha hodi. Alikuwa peke yake, amevaa nguo za kazini, unga umemganda viwikoni. Mwalimu alimkaribisha, akaanza maneno aliyokuwa ameyapanga: kwamba wanaelewa, kwamba uchumba si ndoa, kwamba kama familia yao imeamua vingine...

"Mwalimu, ngoja," Mama Mikate alimkata. "Ya vijana nimewaachia vijana. Mimi sijaja kuvunja wala kuunga. Nimekuja kwa langu."

Hakukaa.

"Mimi nimeitwa mnene tangu nikiwa na miaka minane. Nimeitwa na watu wenye akili zao timamu, tena kwa kejeli. Neno la Fundi lilinichoma siku ile, nikalala, nikaamka, nikaoka mikate. Lingepita. Lakini ulinikalisha kwenye kiti, ukamleta mgonjwa akanipigia magoti. Na mimi nikakaa pale kama malkia, nikasema nimesamehe. Nimemsamehe nini? Umenivika aibu ambayo sikuiomba, Mwalimu. Ungenitukana mara kumi ningekuelewa."

Mwalimu alitambua kwamba alikuwa amesimama na mikono nyuma, kama watoto wanavyosimama ofisini kwake.

"Yuko wapi?" Mama Mikate aliuliza.

Walimkuta bandani. Tangu ajikate, visu vilikuwa vimeondolewa, na Fundi alikuwa akichambua mabaki ya vitambaa, akiyapanga kwa rangi. Mama Mikate aliinama, akashika mkono wake ulio mzima.

"Fundi, mzazi mwenzangu. Siku ile ulinipigia magoti, na haikustahili. Niwie radhi."

Fundi alimkagua kutoka kichwani hadi miguuni. "Umepungua kidogo," alisema.

Mama Mikate aliangua kicheko, kicheko kikubwa kilichomtikisa mabega, na katikati yake machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiwiko, unga ukabaki shavuni. "Mungu akusikie," alisema. Alikaa naye kwa muda juu ya ndoo iliyopinduliwa, wakipanga vitambaa. Mwalimu alibaki mlangoni. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemwambia aingie.

*

Kijana mpima ardhi alirudi baada ya wiki tatu. Alikuwa amekwenda kumwona daktari mwenyewe, akauliza maswali yake yote. Alimkuta Chiriku akimwogesha baba yake, akakunja mikono ya shati, akashika taulo. Harusi ingekuwepo, walisema, lakini ndogo, na si sasa. Chiriku alimwarifu mama yake jikoni, kwa maneno machache, kama mtu anayesoma tangazo. Siku hizi alizungumza naye yaliyo ya lazima tu: dawa imekwisha, geti liko wazi, nimemlisha. Mtoto aliyeitwa Chiriku.

Mwalimu aliliondoa kufuli. Majirani walipouliza hali ya mzee alisimama, akawajibu kwa sauti ya kawaida kwamba mume wake anaumwa ubongo, na akangoja mpaka wapate la kusema. Aliomba radhi kwa Shemeji tena, kwa simu, naye akasema hana kinyongo. Lakini Shemeji alipokuja Jumapili, alikuja kumtembeza kaka yake, akamrudisha, akanywa maji nje.

Alibaki Fundi mwenyewe wa kuombwa radhi. Mwalimu alilikwepa jambo hilo siku nyingi, akijiambia anangoja siku ambayo Fundi ameamka vizuri. Ikafika jioni moja, jua likiwa bado kwenye pazia, nyumba ina watu wao wawili tu. Fundi alikuwa sebuleni akihangaika, anafungua makabati, anafunga. Mwalimu akakaa kwenye kochi, akampigapigia nafasi pembeni yake.

"Baba Chiriku, njoo ukae. Nataka kusema nawe."

Akaja, akakaa.

"Nimekukosea," Mwalimu alisema. Alikuwa amefundisha watoto wengi kulisema neno hilo, na hakujua kwamba ni zito hivi mdomoni. "Nilikuficha. Nilijua, nikakuficha, watu wakakuonea. Nisamehe."

"Haya," Fundi alisema.

Alilisema upesi, kama mtu aliyeombwa asogee kidogo. Mwalimu alimtazama usoni. Palikuwa na uso ule ule, kidevu kile kile, na macho yanayomngojea kwa subira amalize.

"Unajua nakuomba msamaha wa nini?"

"Eeh."

"Wa nini, mume wangu?"

"Biskuti," Fundi alisema. "Umeficha biskuti."

Ni kweli alizificha. Daktari alikuwa ameonya kwamba akiachiwa vitamu hatajua kukoma, na tangu juzi bati lilikuwa juu ya kabati la vyombo. Mwalimu aliliacha hilo, akamsogelea.

"Umenisamehe?"

"Nimekusamehe." Fundi alimwekea mkono begani, mkono wenye kovu jipya, mzito, wa mtu asiye na kinyongo na yeyote. "Usifiche tena."

"Sifichi tena."

Mwalimu akainuka, akavuta kiti, akalishusha lile bati. Akampa biskuti mbili, naye akala moja baada ya nyingine, makombo yakimwangukia kifuani, ameridhika kabisa. Msamaha wa biskuti Mwalimu aliupata, kamili, bila masharti. Ule mwingine hapakuwa tena na mtu wa kuutoa.